Nani Kashika Upande wa Pili wa Kamba? Namna ya Kufundisha Migogoro ya Hadithi

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ukimuuliza ni migogoro gani iliyomo katika hadithi aliyoisoma, mara nyingi atakujibu papo hapo: upo mgogoro wa kiuchumi, wa kijamii, wa kisiasa, wa kiutamaduni na wa nafsi. Orodha hiyo ameihifadhi kama alivyohifadhi jedwali la kuzidisha, na anaweza kukuandikia hata kabla hajaifungua hadithi yenyewe. Ukimtaka akuoneshe mahali ulipo huo mgogoro wa kiuchumi, atakufungulia ukurasa ambao mama mmoja amelala na njaa pamoja na wanawe. Njaa hiyo inatia huzuni, na mwandishi ameieleza ili ituguse, lakini peke yake haijawa mgogoro. Ni hali. Mgogoro utaanza pale mama huyo atakapoamka, akaenda kudai ujira wake kwa tajiri aliyemfulia nguo mwezi mzima, na tajiri akamfungia mlango.

Nimefundisha fasihi Pemba kwa miaka mingi, na katika miaka ya mwanzo nilikuwa nikiiandika orodha ubaoni kwanza, kisha nikitoa maana ya kila aina, kisha nikiwataka wanafunzi watafute mifano. Walifaulu kuitaja na wakashindwa kuiona. Utaratibu ninaoueleza hapa umeugeuza mpangilio huo: wanafunzi wanauhisi mvutano kwanza, wanautafuta katika kisa kifupi, na majina ya aina za migogoro wanayapata mwishoni, wakati tayari wanayahitaji. Unafaa kwa vipindi viwili vinavyofuatana, na darasa lenye wanafunzi wengi linaumudu bila ya tabu.

Ingia darasani na kamba

Usilianze somo kwa neno "mgogoro". Watoto wetu wanalisikia neno hilo redioni likiambatana na ardhi, mipaka ya mashamba na siasa, na wapo waliokulia katika nyumba ambazo neno hilo hutajwa kwa sauti ya chini. Ukilitaja tu, fikra zao zitakwenda kwenye ugomvi: ngumi, matusi na kesi. Tangu hapo watakuwa wakitafuta ugomvi katika kila hadithi, na hadithi ambayo mhusika wake amekaa peke yake barazani akifikiri wataiona haina kitu.

Kamba ninayotumia mimi ni ya usumba, ya pima nne hivi. Waite mbele wanafunzi wawili wanaolingana kwa nguvu, kila mmoja ashike ncha yake, lakini mmoja wao umnong'oneze asivute. Kamba italegea mpaka iguse sakafu. Liulize darasa: kuna nini hapo? Watakwambia hakuna kitu, na wamesema kweli, kwa sababu yupo anayetaka lakini hakuna anayemzuia. Sasa mwambie na yule wa pili avute. Kamba itanyooka, itatetema, na ukiigonga kwa kidole itatoa sauti. Hapo simama kidogo, uwaache waitazame. Ule mkazo ndio unaotaka kuwafundisha, nao haumo katika mkono wa huyu wala katika mkono wa yule. Umo baina yao. Mwanafunzi aliyeuona mkazo huo kwa macho yake hatakwambia tena kwamba umaskini ni mgogoro, kwa sababu atajiuliza kwanza: nani anavuta, na nani anavutwa?

Endelea na kamba hiyo hiyo. Ifunge ncha moja kwenye nondo za dirisha, mwanafunzi mmoja avute ncha nyengine. Nondo hazimchukii, hazina hila wala shauri, lakini haziondoki. Kisha mpe mwanafunzi mmoja ncha moja na ncha ya pili uwape wenzake kumi. Kisha mpe mmoja ncha zote mbili, mkono wa kulia uvutane na wa kushoto; wenzake watacheka, lakini wataona kwamba anachoka kama walivyochoka wale waliomtangulia, na kwamba hakuna wa kumwamulia. Mwisho upitishe upande mmoja chini ya mlango uliofungwa, umweke nje mtu ambaye darasa halikumwona, na anayevuta ndani asijue ni nani aliyeshika wala akivuta zaidi atajibiwa nini.

Kamba ya usumba huchubua viganja, kwa hiyo wakataze wasijizungushie mkononi na usiwaache wavute kwa nguvu zote. Na usitaje bado jina la aina yoyote. Waambie wachore madaftarini mikao mitano waliyoiona, kila mmoja kwa namna yake.

Maswali matatu

Baada ya kamba, andika ubaoni maswali haya, na yabaki hapo mpaka mwisho wa vipindi vyote viwili. Nani anataka nini? Nani au nini kinamzuia? Akishindwa, atapoteza nini?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalotenganisha kisa na taarifa. Mtu anataka embe akakosa embe. Hakuna wa kumsikiliza. Lakini mtu anayetaka embe kwa sababu mgonjwa wake tangu juzi hajatia kitu kinywani, na leo ametamka kuwa anatamani embe, na mwembe pekee wenye tunda umo uwani kwa jirani waliyehasimiana naye mwaka wa tatu huu, huyo msomaji atakaa kitako kumsikiliza. Wanafunzi wako wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa, maana hivyo ndivyo wanavyosimuliana mambo njiani wanapotoka skuli. Kazi yako ni kuwaonesha kwamba wanalijua.

Yajaribu maswali hayo juu ya methali kwanza, kwa sababu methali ni fupi na kila mtoto anazo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" ina haja na ina kizuizi waziwazi. "Mshika mbili moja humponyoka" ina mtu mmoja na mikono yake miwili, kama yule aliyevutana na nafsi yake mbele ya darasa. Ninayoipenda zaidi kwa kazi hii ni "Dau la mnyonge haliendi joshi", yaani haliendi kwa kuukabili upepo, na ukiwa na watoto wa wavuvi darasani, wa Kojani au wa Mkoani, wape wao nafasi ya kueleza joshi ni nini. Kisha uliza: ni nini kinachomzuia mwenye dau? Mmoja atasema upepo. Mwengine atasema ni unyonge wake, kwani angekuwa na mali angekuwa na chombo kizuri na tanga zima. Wa tatu atakukumbusha kwamba wengine huimalizia methali hiyo kwa kusema "likienda joshi ni Mungu kupenda", na kwamba jambo limo katika majaaliwa. Wote watatu wana hoja. Acha wabishane, kwa sababu ubishani huo unawafunza kwamba upande wa pili wa kamba hauonekani kila mara kwa kutazama mara moja.

Kisa cha majamvi mawili

Baada ya hapo wape kisa. Unaweza kutunga chako, na ni bora kitoke katika maisha yanayowazunguka wanafunzi wako. Mimi nimetunga hiki, na kwa kuwa Pemba ndiko karafuu nyingi za Zanzibar zinakotoka, hakuna mwanafunzi anayehitaji kuelezwa jamvi linafanya kazi gani uwanjani.

"Bibi Salama alikuwa na mikarafuu mitatu nyuma ya nyumba yake. Mwaka huo ilizaa, na mjukuu wake Faki akachuma, wakachambua makonyo pamoja usiku, asubuhi wakaanika majamvi mawili. Fedha za karafuu hizo zilikuwa zimekwisha kupangiwa: sare ya Faki, viatu na madaftari. Siku ya tatu bibi akaitwa mazishini kijiji cha pili. Alipokuwa akijifunga kanga ya pili akamwambia, 'Mjukuu wangu, usiondoke hapa. Ukiona wingu, kunja utie ndani.' Alasiri akapita Kombo mbio: 'Faki, twende mpirani, timu imepungua mtu mmoja.' Hakusimama hata kusubiri jibu. Faki akatazama mbingu, akatazama majamvi, akatazama njia."

Kisome kwa sauti, mara mbili, kisha nyamaza. Usikimalizie. Waulize: kamba iko wapi?

Jibu la kwanza, karibu kila mwaka, ni kwamba mgogoro uko baina ya Faki na Kombo. Usilikatae kwa ukali. Rudi kwenye maswali matatu: Kombo anataka nini? Anataka mchezaji. Je, amemshika Faki mkono? Amemtishia? Ameshapita zamani, yuko njiani. Atapata hasara gani Faki asipokwenda? Watacheza pungufu. Kwa hivyo Kombo ameileta kamba, lakini hakuishika. Aliyeishika ncha zote mbili ni Faki mwenyewe, mkono mmoja ukivuta upande wa uwanja wa mpira na mwengine upande wa amana aliyoachiwa na bibi yake. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini Kombo si upande wa pili amekwisha kuelewa zaidi ya nusu ya somo.

Sasa ndipo utaje jina: huu ni mgogoro wa nafsi. Waoneshe pia namna mwandishi anavyouonesha bila ya kuutaja. Hakuandika kwamba Faki alikuwa na wasiwasi. Ameandika kwamba alitazama vitu vitatu, kimoja baada ya kimoja. Katika riwaya na tamthiliya ndefu mgogoro wa nafsi hukaa mahali kama hapo: mhusika anapokosa usingizi, anapoanza barua akaichana, anapofika mlangoni kwa mtu akageuka. Watume wanafunzi wakawinde alama za namna hiyo katika kitabu wanachosoma, kwa sababu mtihani utawadai mifano na mifano yenyewe iko katika vitendo vidogo.

Badilisha kitu kimoja tu

Kipindi cha pili, gawa darasa makundi na ulipe kila kundi kisa hicho hicho chenye badiliko moja. Faida ya njia hii ni kwamba Faki, bibi na majamvi wanabaki walivyo, isipokuwa katika kundi la tatu, ambamo Faki anampisha dada yake. Kinachobadilika ni aliyeshika upande wa pili, kwa hiyo wanafunzi wanaiona tofauti ya aina moja na nyengine ikiwa imesimama peke yake.

Kundi la kwanza: Faki amebaki nyumbani, na saa kumi ami yake anaingia uwanjani na pakacha, akidai kuwa mikarafuu ile ni urithi wa marehemu baba yake na kwamba yeye ndiye wa kuuza. Huu ni mgogoro wa mtu na mtu, na hauhitaji maneno mengi, maana wanafunzi huutambua wenyewe. Wakumbushe tu kwamba mgogoro mzuri wa mtu na mtu ni ule ambao kila upande una hoja yake. Ami akiwa mwizi mtupu, kisa kitakwisha haraka na hakitamfikirisha mtu.

Kundi la pili: Faki amebaki, wingu limekuja kutoka upande asioutazamia, upepo umelibeba jamvi moja, naye yuko peke yake. Hapa ni mtu na maumbile. Hakikisha wanaona kwamba mvua haina nia. Mwanafunzi akiandika kwamba "mvua ilimkasirikia Faki", msifu kwa tashihisi yake, yaani kukipa kitu sifa za mtu, kisha mkumbushe nondo za dirisha.

Aina hii, sisi watu wa visiwani, tunaifikiria zaidi kwa mifano ya bahari, na hapo naomba mwalimu awe na hadhari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na watu wengi mno walifariki. Darasa lolote la Pemba linaweza kuwa na mtoto ambaye nyumbani kwao kuna picha ya mtu aliyeondoka siku hiyo. Ukichagua hadithi ya chombo kinachozama, waambie wanafunzi mapema hadithi inahusu nini, umpe ruhusa asiyetaka kuisoma kwa sauti, na usimlazimishe yeyote kueleza alichokumbuka. Msiba huo pia unatufunza jambo ambalo kila mwalimu wa fasihi angepaswa kuliuliza kila bahari inapolaumiwa hadithini: kabla ya wimbi kufika, nani aliamua nini? Mara nyingi mgogoro unaoonekana ni wa mtu na maumbile umeanza kitambo, nchi kavu, baina ya watu, pale mmoja aliposema chombo kimejaa na mwengine akasema pakia.

Kundi la tatu: badala ya Faki yupo dada yake, Time, aliyechaguliwa kwenda dakhalia, yaani skuli ya bweni, na karafuu zile ndizo nauli na ada yake. Ndugu wamekaa kikao usiku, wakasema msichana amesoma vya kutosha. Aliyezungumza ni ami. Je, huu nao si mgogoro wa mtu na mtu? Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu jamii haiwezi kuingia katika hadithi ikiwa jamii tupu. Lazima ivae sura ya mtu, awe sheha, msimamizi wa kazi, mkwe au mzee wa ukoo. Kipimo ninachowapa ni hiki: mwondoe mtu huyo kwa fikra zako, umweke mwengine mahali pake, kisha utazame kama kamba imelegea. Ami wa kundi la kwanza ukimwondoa, mikarafuu inabaki kwa bibi na kisa kimekwisha. Ami huyu wa pili ukimwondoa, atasimama mjomba au shangazi na kusema maneno yale yale. Kamba haikulegea, kwa hiyo Time havutani na ami. Anavutana na mazoea ya watu wake wote, na ami ni msemaji tu.

Kipimo hicho kinafaa hata katika vitabu vinene. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inahusu maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha ugomvi mmoja mmoja bandarini na akadhani kila ugomvi ni mgogoro wa mtu na mtu. Mwambie ambadilishe msimamizi kwa fikra zake. Akiona kwamba ujira na jua na gunia vinabaki vile vile, ataandika kwa yakini kwamba makuli wanavutana na mfumo mzima wa kazi wa kikoloni.

Kundi la nne ndilo gumu, na mimi hulikabidhi wanafunzi watulivu. Faki amefanya kila alichoambiwa: amekunja kwa wakati, ametia ndani, karafuu zimesalimika. Lakini bibi yake aliota usiku ule kwamba fedha zile hazitawafaa, na tangu hapo kila anachokipanga Faki kinaharibika kwa njia asiyoitarajia. Hapa mtu anavutana na asichokiona: kadari, ndoto, jini au mzimu. Siku moja mwanafunzi alinyoosha mkono akasema kwa adabu, "Maalim, mja hashindani na Mola wake, basi vipi tutasema ni mgogoro?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa heshima ile ile. Nilimwambia kwamba mhusika hashindani na Mola. Anavutana na asichokijua, yaani anajitahidi kama mtu ambaye bado hajajua alichoandikiwa, na mkazo umo katika kule kujitahidi. Wahenga wameshaonya: "Usishindane na Kari, Kari ni mja wa Mungu." Onyo halitolewi isipokuwa mahali ambapo watu wanashawishika kushindana, na hapo ndipo hadithi ilipo. Na mhusika akifika mahali pa kusubiri na kuridhika, huo nao ni utatuzi kamili, wala mwanafunzi asifikiri kwamba kila mgogoro lazima uishe kwa mshindi na mshinde.

Kuhusu majini na mizimu, usiliache darasa ligeuke kuwa baraza la kuulizana kama vipo au havipo. Swali la fasihi ni jepesi kuliko hilo: mhusika anaamini nini, na imani hiyo inamfanya atende nini?

Baadhi ya vitabu huongeza mgogoro wa mtu na mashine. Mimi siupi kipindi chake. Itaje aina hiyo, wape mfano mmoja wa simu au mtambo, uendelee.

Orodha mbili zisigombane

Mwanafunzi makini atakuuliza sasa: basi ile orodha ya kiuchumi, kijamii, kisiasa na kiutamaduni imekwenda wapi? Haikwenda popote, na mtihani wa Kidato cha Nne unaweza kumdai aitumie. Mweleze kwamba orodha mbili hizi zinajibu maswali mawili mbalimbali. Ya kwanza, hii tuliyoipata kwa kamba, inauliza nani anavutana na nani. Ya pili inauliza wanavutania nini. Faki na ami wanavutana mtu na mtu, na wanachovutania ni mali, kwa hiyo mgogoro wao ni wa kiuchumi. Time anavutana na jamii, na wanachovutania ni desturi kuhusu elimu ya mwanamke, kwa hiyo ni wa kiutamaduni. Mgogoro wa nafsi ndio unaoonekana katika orodha zote mbili, na hapo ndipo mkorogano wote unapoanzia. Hata Faki wa mwanzo, anayevutana na nafsi yake, ndani ya nafsi hiyo kuna jambo analovutania, nalo ni amana na furaha ya siku moja. Chora ubaoni safu mbili, uwape wanafunzi visa vyote vya makundi, kila kisa wakijaze mara mbili. Zoezi hili linachukua muda mfupi na linaondoa utata uliokaa vichwani kwa miaka.

Watauliza pia: hadithi ikiwa na migogoro minne, mkuu ni upi? Waambie watafute ule ambao ukitatuliwa hadithi haina tena pa kwenda. Migogoro mingine ikitatuliwa, msomaji hugeuza ukurasa. Huo ukitatuliwa, hufunga kitabu.

Jibu la mtihani

Mwalimu asipoonesha jibu zuri linafananaje, mwanafunzi ataendelea kuandika kama zamani hata akiwa ameelewa. Andika majibu mawili ubaoni, moja chini ya jengine. La kwanza ni hili:

"Mgogoro wa umaskini. Katika hadithi hii kuna mgogoro wa umaskini kwani Bibi Salama ni maskini na ana mikarafuu mitatu tu."

Usiseme kwamba ni baya. Waambie waiulize sentensi hiyo yale maswali matatu, na wataona wenyewe kwamba haina jibu hata la swali moja. Kisha andika la pili:

"Mgogoro wa nafsi unampata Faki, ambaye anataka kwenda mpirani na wakati huo huo anataka kuitunza amana ya bibi yake. Chanzo chake ni mwito wa Kombo, uliokuja wakati bibi hayupo. Mgogoro huu unafikia kilele pale Faki anapotazama mbingu, majamvi na njia bila ya kuamua, na iwapo atakosea, atapoteza fedha za masomo yake na imani ya bibi yake."

Jibu hili lina sentensi tatu tu, lakini limetaja pande zinazovutana, chanzo, kilele na hasara. Hadithi ingekuwa imekamilika, lingeongezwa utatuzi. Waachie wanafunzi kazi ya kupigia mstari kila kipengele kwa kalamu ya rangi yake. Unaposahihisha madaftari, toa alama kwa kila kipengele kilichopo, na jina la aina lipe alama moja tu. Mwanafunzi aliyekosea jina lakini akaonesha kamba iliko amesoma hadithi. Aliyepatia jina bila ya kuonesha kamba huenda hakuisoma.

Kazi ya nyumbani

Kazi ya mwisho wa juma waifanye na wazee wao. Kila mwanafunzi amwendee bibi, babu au shangazi, aombe ngano moja, na aipokee kama inavyotakiwa kupokewa: akiambiwa "Paukwa!" aitikie "Pakawa!" Asiandike wakati mzee anasimulia. Akirudi chumbani ndipo aandike majibu ya maswali matatu, na baada ya hapo aina ya mgogoro. Wengi watarudi na ngano za Sungura, ambazo aghalabu ni mvutano wa akili na nguvu, na ukiwa nazo kumi mkononi unaweza kuwauliza kwa nini bibi zao walipenda sana mshindi awe yule mdogo.

Kisha warudishie kisa cha majamvi mawili, ambacho mpaka sasa hakuna aliyekimaliza. Kila mmoja akimalizie kwa ukurasa mmoja, kwa mgogoro autakao. Chagua karatasi tano, uzisome bila ya kutaja waandishi, na kabla ya kusoma kila moja mkabidhi mwanafunzi wa mbele ile kamba ya usumba. Afikapo mahali anapohisi mkazo, ainyooshe, nawe usimame hapo hapo uliulize darasa nani ameshika upande wa pili.